Dani Alisema Tusimalize

Mpira wa meza ukipigwa kwa nguvu hulia pa. Ukikatwa kwa chini hausikiki sana. Ni mkwaruzo tu, mfupi, kama mtu anayejipangusa unga mkononi. Juzi nilikuwa hapa Suna, nikipita nyuma ya kanisa moja kukata njia ya kwenda sokoni, nikausikia mkwaruzo huo ukitoka ukumbini. Nikachungulia dirishani na kikapu changu. Wasichana wawili wa shule walikuwa wakicheza, na mmoja wao, mwembamba, alikuwa amerudi nyuma hadi karibu na ukuta, akikata kila alichopigiwa. Sijui nilisimama pale muda gani. Nilichotambua baadaye ni kwamba nilikuwa nimekunja magoti, mwanamke mzima na leso kiunoni, na mwenye bodaboda alikuwa akiniangalia kwa huruma akidhani ninaumwa tumbo.

Niwaambie basi ilivyokuwa, maana jambo hili sijalisimulia vizuri hata kwa mume wangu.

Mimi ni Adongo. Kwetu, pacha wa kike anayetangulia kuzaliwa huitwa Apiyo na anayefuata huitwa Adongo, kwa hiyo nilipangiwa nafasi yangu kwenye foleni kabla sijajua kukaa. Apiyo alitangulia kuzaliwa, akatangulia kutembea, akatangulia kung'oka meno. Sikuona ubaya wowote. Mtu akitangulia anakuonyesha mahali penye matope.

Tulilelewa na nyanya yetu mzaa mama, tuliyemwita Dani, kwenye boma dogo nje ya Awendo, miwa pande tatu na barabara upande wa nne. Mama alifanya kazi Kisumu na kuja Krismasi. Dani alikuwa na sheria moja juu yetu, na hiyo moja ilimtosha: anachopata huyu, apate na yule. Gauni moja, basi magauni mawili ya kitambaa kimoja. Apiyo akivunja chungu, tulichapwa wote, na mimi nilipewa changu kwa upole kidogo, kama mtu anayelipa ada ya uanachama. Niliwahi kupelekwa zahanati kudungwa sindano ya kidonda cha mguu, na Dani akamsihi nesi amdunge na Apiyo. Nesi akakataa. Dani akakaa kwenye benchi, akakataa kuondoka. Mwishowe nesi alichukua pamba yenye spiriti akampaka Apiyo mkononi, akaibandika kwa plasta, na hapo ndipo tukaenda nyumbani. Apiyo alichechemea njia nzima kuliko mimi.

Tulicheka sana mambo hayo. Lakini Dani hakuwa akicheza. Yeye mwenyewe alizaliwa pacha. Dada yake aliposwa mapema, akachukuliwa kwenda kuolewa upande wa Kosele, Dani akabaki nyumbani kwa baba yao. Dada huyo alifariki katika uzazi wake wa kwanza. "Watu wanasema ni uzazi," Dani alituambia mara moja tu, akichambua mboga bila kutuangalia. "Mimi nasema alipelekwa peke yake."

Meza ya shule yetu ilikuwa ya saruji, nje, kando ya jikoni. Wazazi waliijenga, na kwa kuwa hakuna mzazi aliyewahi kuona meza ya mchezo huo, upande mmoja uliinama kidogo. Wavu ulikuwa ubao uliosimamishwa kwa mawe. Msimu wa kuchoma mashamba ya miwa, vipande vyeusi vya majani yaliyoungua vilitua juu yake mchana kutwa, nasi tulifagia kwa kiwiko kabla ya kuanza. Mwalimu Odoyo, aliyetufundisha hesabu na kusimamia michezo, alikuwa na vibao viwili halisi, vyenye raba nyekundu upande huu na nyeusi upande ule, na alivitunza ndani ya soksi.

Alitutazama tukicheza siku kadhaa kisha akatugawa. Apiyo hakuweza kungoja mpira; aliufuata na kuupiga hata ukiwa bado hewani upande wa mwenzake. Huyo, Mwalimu akasema, ni mshambuliaji. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe utakata. Utasimama mbali, utarudisha kila kitu, mpaka yeye achoke."

Kukata ni kazi ya kusubiri, na watu wengi wanaokata vibaya hawajui kusubiri. Mpira wa mshambuliaji unakuja ukizunguka kwenda mbele, umejaa kiburi, na ukiuwekea kibao tu unaruka juu kama kuku aliyeshtuliwa. Lazima urudi nyuma ya meza, ukunje magoti, uuache ushuke hadi chini ya kiuno. Mwalimu alisema, "Ngoja mpira uchoke." Ukishachoka, unapitisha kibao chini yake, uso wa kibao ukitazama juu, kama jembe la kupalilia linavyopita chini ya majani bila kuchimbua udongo. Ukikata sawasawa mpira unarudi chinichini, unazunguka kinyume, na mwenzako akiugusa ovyo unajizika kwenye wavu.

Mimi sikukata sawasawa. Nilikata kwenda chini tu, kama mtu anayepasua kuni, na mpira ulianguka kabla ya kufika kwenye ubao. Nikajirekebisha, nikaanza kuinua kifundo cha mkono, na sasa mpira ulipaa. Mpira uliopaa ni zawadi kwa mshambuliaji. Apiyo aliupiga ukanipita, nami nikaenda kuutafuta kwenye miwa, nikirudi na mikwaruzo ya majani mikononi, na mara nyingine tulikuwa na mpira mmoja tu uliokuwa umeshabonyea.

"Unainua," Apiyo aliniambia. "Usiinue. Peleka mbele, kwangu. Kama unanipa sahani."

Niseme ukweli, Mwalimu alinionyesha, lakini aliyeniona ni Apiyo. Mwalimu alikuwa na madaftari ya kusahihisha. Apiyo alikuwa hapo kila jioni, baada ya kuchota maji na kabla ya Dani kutuita, akipiga. Aliona kwamba miguu yangu inalala baada ya kurudisha mpira mmoja mzuri, akanipigia wa pili upesi ili niamke. Aliona kwamba nikiinua mpira nasimama kuukodolea macho, kwa aibu, badala ya kujiokoa. Hilo lilimkera kuliko yote. Kwa wiki nyingi alinifanya niinue makusudi. Nilipouinua tu alipaza sauti, "Rudi," nami nilikimbia kinyumenyume huku naye akiupiga kwa nguvu zake zote, na nilitakiwa niwe nimeshafika kule mbali, magoti chini, kabla mpira haujafika. Mwanzoni ulinigonga kifuani. Baadaye niliugusa. Baadaye sana, jioni moja wakati moshi wa miwa ulikuwa umejaa kila mahali hata hatukuonana vizuri, nilirudisha mpigo kama huo, ukateleza juu ya ubao na kufia miguuni pake. Apiyo aliweka kibao chini akaja kunikumbatia. Hakuna aliyewahi kunifurahia vile.

Tulikuwa darasa la nane Mwalimu alipoleta habari. Shule moja ya sekondari ya wasichana Homa Bay, karibu na ziwa, ilikuwa na ukumbi wenye meza za kweli na kocha wake. Msichana atakayeshinda mashindano ya eneo letu angekwenda huko kucheza pamoja na wa maeneo mengine, na shule hiyo ingemchukua na kumsomesha miaka yote minne. Mmoja.

Kuanzia siku hiyo Apiyo alihamia Homa Bay kichwani. Alijua kitanda chake kitakuwa upande gani. Aliuliza watu kama samaki huliwa kila siku. Usiku tukilala aliniambia, "Nikifika nitamwambia kocha kwamba dada yangu anakata kuliko mtu yeyote, watakuita." Mimi nilikubali. Sikuitaka Homa Bay. Nilichokitaka ni kulala kitanda kimoja na yeye, popote kilipo, na sikujua kwamba hilo nalo ni jambo la kugombewa.

Mashindano yalifanywa Awendo mjini, ndani ya ukumbi, Jumamosi. Nadhani mmeshaotea kilichotokea. Wasichana wengine hawakuwa na mtu wa kuwapigia kila jioni, nasi tulikuwa naye. Kufikia mchana waliobaki ni wawili, wenye gauni la kitambaa kimoja, na watu wakaanza kucheka kwa raha. Dani alikuja akiwa amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Hakuna aliyekuwa amemweleza huo mchezo unaishaje. Mwalimu Odoyo alikuwa amejaribu, nilimwona, lakini alimheshimu mno, akaishia kusema, "Watacheza, Dani. Watacheza vizuri."

Seti ya kwanza Apiyo alishinda. Ya pili nilishinda mimi, na hata sikujua namna gani. Alikuwa na haraka. Ikabaki moja ya kuamua. Ndipo Dani alipomgusa mama aliyekaa karibu naye akamuuliza, na yule mama, bila nia mbaya, akamjibu kwamba atashinda mmoja, aende Homa Bay, mwingine arudi nyumbani.

Dani aliinuka. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye meza, mwamuzi akisema, "Mama, samahani, mama," naye akimpita kama nguzo. Akatushika mikono, mimi na Apiyo. Viganja vyake vilikuwa baridi, na sijawahi kumwona na uso ule, si kabla wala baada. Alisema kwa Dholuo, polepole, "Chezeni, nyithinda, wanangu. Lakini msimalize."

"Sawa, Dani," Apiyo alisema akitazama chini.

"Sawa, Dani," nikasema.

Mimi nilimaanisha. Nilikuwa mtoto, na kwangu jambo lilikuwa rahisi: nikirudisha kila mpira, hakuna atakayeshinda. Nilirudi nyuma ya meza nikakunja magoti. Apiyo akapiga, nikakata. Akapiga, nikakata. Sijawahi kukata vile tena maishani mwangu. Mpira ulikuwa ukienda na kurudi mpaka watu wakaacha kushangilia, wakaanza kucheka, kisha wakanyamaza. Pointi zilipatikana chache, kwa shida, huku na huku. Nilimwangalia Dani pembeni, nikaona amefumba macho, midomo yake inacheza, nikajiambia tunaweza. Tutacheza mpaka giza liingie na watu waende makwao, na Jumatatu tutakwenda shule pamoja.

Mwamuzi wetu alikuwa mwalimu kijana kutoka Rongo, mtu wa kitabu, ambaye nafikiri alikuwa amezisoma sheria zote za mchezo huo na kusubiri siku ya kuzitumia. Aliangalia saa yake. Akasimamisha mchezo. Akaeleza, kwa furaha aliyoshindwa kuificha, kwamba muda umepita, na kuanzia sasa mwenye kuanzisha mpira ni lazima amalize upesi. Mwenzake akifaulu kurudisha mara kumi na tatu, pointi ni ya huyo anayerudisha. Na Mwalimu Odoyo akaombwa ahesabu kwa sauti.

Nilihitaji muda kulielewa. Kurudisha, ambako kulikuwa njia yangu ya kutomshinda mtu, sasa kulikuwa ndiyo njia ya kushinda.

Nilipoanzisha mimi, Apiyo naye angeweza kurudisha tu taratibu hadi hesabu itimie. Lakini Apiyo na subira hawajawahi kulala nyumba moja. Alipiga. Mara ukaingia, mara ukatoka. Alipoanzisha yeye, alipiga kila kitu, jasho likimtiririka, na nyuma yetu sauti ya Mwalimu ikihesabu kwa unyonge, nane, tisa, kumi, kama mtu anayesoma majina ya wanafunzi waliofukuzwa. Nilitaka mtu asimamishe. Nilimtazama Mwalimu, naye akatazama sakafu. Nilimtazama Dani, naye bado alikuwa amefumba macho. Hakuna mtu mzima ndani ya ukumbi ule aliyeweza kutusaidia.

Tukafika mahali nilipohitaji pointi moja tu, na Apiyo ndiye mwenye kuanzisha. Hapo nikaamua. Ikiwa lazima uishe, aende anayepataka. Mtaniuliza mbona sikuuacha mpira upite. Ningefanyaje mbele ya Mwalimu, mbele ya Apiyo mwenyewe anayejua kila kidole changu? Nilitaka kosa linalofanana na kosa. Kwa hiyo, Mwalimu alipotamka kumi na moja, niliinua. Niliinua vizuri kabisa, kifundo cha mkono juu, kosa langu la zamani, na mpira ukapaa polepole hadi karibu na taa, ukashuka katikati ya meza yake. Hakuna mshambuliaji duniani anayekosa mpira kama ule.

Na miguu yangu ikakimbia.

Sikuiambia. Ilikuwa imefundishwa jioni nyingi mno kwamba nikiinua ninarudi. Nilijikuta mbali kule, karibu na viti vya watu, magoti chini, na mpira wa Apiyo ukija kwangu kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ukashuka chini ya kiuno, ukachoka, na kibao changu kikapita chini yake. Mkwaruzo mdogo tu. Ukarudi, ukagusa ukingo wa meza yake, na Mwalimu Odoyo akasema kumi na tatu.

Watu walishangilia. Apiyo alikuja kunipa mkono kama tulivyofundishwa, akaniambia, "Umekata vizuri." Hakulia mpaka tulipofika nyumbani. Dani alifumbua macho akauliza imekuwaje, akaambiwa.

Siku ya kuondoka kwangu alikuwa ameandaa masanduku mawili. Ndani ya kila moja, shuka, sabuni, sahani, mafuta ya kujipaka, vyote sawasawa. Langu likapakiwa. La Apiyo likabaki limesimama mlangoni, limefungwa kwa kamba, na Dani akamkataza mtu yeyote kulifungua. Kila nilipokuja likizo nililikuta pale. Homa Bay nilipewa kitanda karibu na dirisha, nilikula samaki, nilisomeshwa. Sikuwa bingwa wa kitu. Niliwarudishia wenzangu mipira miaka minne wakafanya mazoezi. Apiyo alisoma shule ya kutwa hapo karibu, akaiacha Dani alipougua, akamuuguza mpaka mwisho. Sasa ana watoto watatu na genge lake Awendo, na sauti yake bado ni ya mtu anayetangulia.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Apiyo hakujua. Niliamini siri ya mpira ule ni yangu peke yangu, na nilimwonea huruma ya kimyakimya, ile huruma mbaya ya mtu aliyejaribu kukupa kitu ukashindwa kukipokea. Jioni ya siku ile niliyosimama dirishani pale Suna nikampigia simu. Tuliongea habari za watoto, bei ya mafuta, mvua. Kisha nikasema, "Apiyo, ule mpira wa mwisho."

"Uliuinua makusudi," akasema.

"Ulijua?"

"Adongo. Nani alikuachisha kuinua? Nisijue?"

Nilisikia akimwambia mteja angoje. Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kuthubutu kukiuliza hata moyoni: kwa nini, ikiwa alijua, aliupiga kulekule nilikokuwa. Upande wangu wa kulia ulikuwa wazi wote. Hata mtoto mdogo angeuona.

"Niliuona," akasema. "Niliuona huo upande wote. Mkono ukaja kwako. Ungefanyaje? Mkono huo haukuwahi kujifunza kupiga mahali ambapo wewe hupo." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Usianze kulia, nina watu hapa."

Lakini nililia, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni na simu sikioni, na yeye hakukata. Jioni zote zile alikuwa akilenga pale ninapoweza kufika, ili nijifunze. Mkono wangu ulizidi kuwa mzuri na watu wakausifu, na hakuna aliyeuliza, si Mwalimu, si mimi, mkono wake unakuwaje. Watu wakiniuliza nani alinifundisha kukata, humtaja Mwalimu Odoyo kwa heshima. Aliyenifundisha alisimama upande wa pili wa meza akinipigia mimi, mimi tu, mpaka mkono wake ukasahau kwamba meza ina kona nyingine.